Kazi ya Serikali ni Amana, na Mtihani ni Mlango Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata njia yao. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya pwani, katika darasa ya mwezi huu tumependa kusema juu ya jambo linalolalamikiwa sana mabarazani na kutendewa kidogo sana majumbani. Jambo lenyewe ni kujitayarisha kwa mtihani na mahojiano ya kuingilia kazi ya serikali. Mfano wetu tutauchukua mbali na bahari, katika miji ya Kitale na Bungoma, kwani wakaao huko wana somo la kutufundisha sisi wa pwani.

Kila tangazo la kazi linapotoka, mabarazani kwetu husikika maneno mawili. La kwanza ni "Hizo zina wenyewe." La pili ni "Sisi tuliahidiwa."

Neno la kwanza hatulikanushi lote. Upendeleo upo, na mwenye macho auona. Lakini msemaji akiulizwa, "Je, wewe uliandika ombi?" hujibu, "Ya nini kujisumbua?" Basi huyu amejinyima mwenyewe kabla hajanyimwa na mtu.

Neno la pili lina asili yake. Oktoba 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipeana barua za ahadi. Miongoni mwa ahadi hizo ni kuwa mahakama ya Kadhi yatabaki, na kuwa katika sehemu zenye Waislamu wengi maofisa wa utawala watakuwa Waislamu kwa kadiri itakavyowezekana. Mahakama ya Kadhi yamo hata leo katika Katiba ya 2010, vifungu 169 na 170. Lakini yatazameni vyema yale maneno "kwa kadiri itakavyowezekana". Litawezekanaje ikiwa mwenye sifa ya kuwekwa hakupatikana? Ahadi haiketi mtihanini kwa niaba ya mtu, wala babu aliyekuwa mudiri hamjibii mjukuu wake maswali. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyatoa magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani waamke na wasome kabla hawajaachwa nyuma. Alifariki 1947, na wito wake ungali unangoja kuitikiwa.

Sasa tuwatazame ndugu zetu wa Kitale na Bungoma. Hao hawakuandikiwa ahadi yoyote. Uislamu katika nchi zile ulienea khasa kutoka Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika katika karne ya 19. Kitale ni mji uliokuzwa na walowezi wa Kizungu kwa ajili ya mashamba yao, na reli ikafika huko 1926. Waislamu katika miji hiyo ni wachache, na hawana jina la ukoo litajwalo ofisini mlango ukafunguka.

Katika safari ya daawa niliwakuta huko vijana, wanaume kwa wanawake, ambao hukutana baada ya sala ya Isha, wanawake upande wao na wanaume upande wao, na mbele yao Katiba, magazeti ya wiki na madaftari ya hesabu. Baadhi yao ni wajukuu wa Waswahili waliopanda bara kwa biashara. Wengine ni Wabukusu na Wawanga ambao wazee wao walisilimu. Mchana huyu huuza mahindi, huyu hushona nguo, huyu hufundisha kwa kibarua. Hawana mjomba serikalini, na ndiyo sababu wasoma.

Tena wajua jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu 65, yaitaka bodi ya utumishi ya kaunti iangalie kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi wapewe watu wasiotoka katika kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Wachache wa Kitale na Bungoma wameisoma sheria hiyo, wakafahamu kuwa yamfungulia mtu mlango, lakini haimbebi mabegani kumwingiza.

Wamefahamu pia kuwa mtihani si adui wa mnyonge. Serikali ya China iliwapima watumishi wake kwa mitihani kwa zaidi ya miaka 1,000, hata ikaifuta 1905. Uingereza nayo, ripoti iliyotolewa 1854 ndiyo iliyotaka watu waingie serikalini kwa kupimwa, si kwa kujuana na wakubwa. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Sekretarieti ya Ajira huwafanyia waombaji usaili wa mchujo wa kuandika, kisha usaili wa mahojiano. Kwetu Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za kaunti hutangaza nafasi, huchuja maombi, na huwaita waliochaguliwa kuhojiwa. Na pengine hutanguliza jaribio la kuandika. Asiye na jamaa wa kumtaja hana rafiki mkubwa kuliko swali lililo sawa kwa wote.

Yuko atakayesema, "Haya ni mambo ya dunia, na sheikh atuambie ya dini." Ndugu yangu, haya ni ya dini. Mwenyezi Mungu atueleza katika Sura Yusuf kuwa Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Naye ni mwana wa Nabii Yaakub, mjukuu wa Nabii Is-haka, kitukuu wa Nabii Ibrahim. Lau nasaba ingekuwa hoja ya kazi, nani angekuwa na hoja kubwa kuliko yake? Lakini hakuitaja nasaba. Alitaja kuwa yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Na katika Sura Al-Qasas, binti wa mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), alimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Nguvu ya kila kazi ni kuiweza. Nguvu ya karani ni kuandika bila ya kukosea, na nguvu ya mhasibu ni hesabu.

Wala uaminifu peke yake hautoshi. Abu Dharr (R.A.) alikuwa katika wacha Mungu wakubwa wa umma huu, lakini alipotaka kupewa kazi ya utawala, Mtume (S.A.W.) alimpiga begani, akamweleza kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kuwa jambo hilo ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto illa kwa aliyeichukua kwa haki yake akatimiza yaliyo juu yake. Ameipokea Imam Muslim. Ikiwa Abu Dharr alipimwa akaambiwa kweli, nani wetu aliye mkubwa wa kupimwa? Na katika khabari mashuhuri ya Muadh bin Jabal (R.A.), Mtume (S.A.W.) alipomtuma Yemen alimwuliza atahukumu kwa nini, na asipopata humo atafanyaje, na asipopata tena atafanyaje. Wanavyuoni wa hadithi wameisemea isnadi yake, lakini mafakihi wengi wameipokea maana yake. Na hayo ni nini kama si mahojiano ya kazi?

Kijana mmoja wa Bungoma aliniuliza swali ambalo nataka kila mzazi wa pwani alisikie. Alisema, "Sheikh, nimeitwa kuhojiwa. Mtu mmoja amemletea baba yangu maneno kuwa nafasi ile ina bei, na baba ataka kuuza ng'ombe wawili. Nami nimesoma kuwa baadhi ya wanavyuoni wamemruhusu mwenye kudhulumiwa atoe mali ili aipate haki yake, na dhambi ikawa juu ya mpokeaji. Je, sisi hatumo katika hukumu hiyo?"

Swali hili si la mjinga, na jawabu yake yataka kufahamika. Haki waliyoizungumza wanavyuoni ni ile iliyokwisha thubutu: shamba ulilolinunua ukazuiliwa hati yake, au ujira wa kazi uliyokwisha ifanya. Ama kazi iliyoombwa na watu 50, hiyo si haki ya yeyote kati yao mpaka wapimwe. Haki yao wote ni moja tu, nayo ni kushindana kwa uadilifu. Na Katiba yetu, kifungu 232, imeyataja hayo hayo, kuwa watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa kustahiki. Basi atoaye ng'ombe wawili hainunui haki yake. Ainunua haki ya wale 49, na katika hao huenda mkawa na yatima aliyesoma kwa mwanga wa koroboi. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji wake pamoja, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 nayo yawatia hatiani wote wawili.

Nikamwambia, "Rudi kwa mzee wako, umwambie kwa adabu na sauti ya chini, kwani haki yake juu yako ni kubwa. Lakini hatiiwi kiumbe katika kumwasi Muumba. Ng'ombe wabaki zizini." Yule mzee, Mungu amjazi kheri, alikubali. Kijana akaenda kuhojiwa mikono mitupu. Wala sitawaficha, enyi wasomaji: kazi ile hakuipata. Jirani wakamwita mpumbavu. Ama mimi nasema kuwa aliirudi nyumbani na dini yake, na ng'ombe wa baba yake, na elimu aliyokwisha ivuna; na hivi sasa amo katika darasa lile lile, ajitayarisha kwa tangazo jingine.

Na wenye kumcheka wajiulize ni nani alipaye bei ya kazi iliyonunuliwa. Hulipa mjane aliyesimama dirishani tangu asubuhi akitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na karani aliyenunua kiti hajui faili liko wapi; au alijua, lakini ataka kwanza zirudi fedha za wale ng'ombe. Sisi watu wa pwani, ambao tumezungushwa miaka mingi kwa hati za ardhi na vitambulisho, tulipaswa kuwa wa mwisho kuununua mlango huu, kwani twajua maumivu ya aliye upande wa pili wa dirisha.

Mfano wa rushwa ni cheti cha kughushi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa katika uchunguzi wa vyeti vya watumishi wa serikali vilipatikana vya bandia zaidi ya 2,000. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mwenye kutughushi si katika sisi, na hakulifunga neno hilo kwa mwuza nafaka peke yake.

Sasa twende katika namna ya kujitayarisha. Hapa nina jambo la kuwashangaza, nalo ni kuwa njia iliyo bora tunayo nyumbani, ila tumeiacha chuoni.

Mtoto wa chuo husomaje? Hupewa somo jipya, kidogo. Kesho yake hufunga msahafu akalisoma kwa ghibu mbele ya mwalimu. Kisha husomeshwa la jana na la juzi, na kila baada ya siku hurejeshwa kwenye sura za nyuma. Hiyo ndiyo murajaa, na kwayo Qurani imehifadhiwa vifuani. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu alichojifanyia majaribio mwenyewe, akaonyesha jinsi akili isahauvyo upesi mara tu baada ya kusoma, na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyoyashikiza yaliyosomwa. Walimu wetu wa vyuo walikuwa wakilitenda hilo zamani. Lakini kijana yule yule akienda kusomea mtihani wa kazi hulala na kitabu wazi usoni siku mbili kabla ya siku yenyewe, akapaka rangi kila mstari, akadhani amesoma.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, lisomeni tangazo kama msomavyo wasia, neno kwa neno: kazi ni ipi, majukumu yake ni yapi, na ofisi hiyo imeundwa kwa sheria gani. Pili, tengeni saa moja baada ya sala ya Alfajiri kila siku, kwani Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi yao, na haba na haba hujaza kibaba. Tatu, someni ukurasa, fungeni kitabu, mseme mliyoyakumbuka kwa kinywa au kwa kalamu. Katika Katiba shikeni khasa kifungu 10 juu ya maadili ya taifa, Sura ya Sita juu ya uongozi na uadilifu, kifungu 232 juu ya utumishi wa umma, na Jedwali la Nne ligawalo kazi baina ya serikali ya taifa na kaunti 47. Nne, fanyeni mudhakara: mmoja awe mwulizaji, mwingine mjibuji, kisha mbadilishane. Vijana wa Kitale huketisha watatu nyuma ya meza wakamhoji mwenzao kwa Kiingereza, na akikwama hawamcheki. Kiingereza chetu wengi wa pwani ni kizito kinywani, na dawa yake ni kukisema kila siku, si kukiogopa.

Tano, tayarisheni karatasi mapema: kitambulisho, vyeti vya asili, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na vinginevyo vilivyotajwa. Wangapi walikuwa na majibu wakakosa karatasi! Sita, usiku wa kuamkia siku hiyo laleni. Na ukiulizwa usilolijua, sema, "Hilo silijui, nitajifunza." Imam Malik (R.A.), imamu wa Madina, aliulizwa maswali mengi akajibu kwa sehemu kubwa yake kuwa hajui, wala hakupungukiwa na heshima.

Imebaki khabari ya kombe na hirizi. Kila msimu wa mitihani utaona kalamu zikipelekwa kusomewa, na sahani za zafarani zikikoshwa zikanywewa, na hirizi zikishonwa ndani ya kola. Tumwombe Mwenyezi Mungu, naam, kwani hakuna tawfiki illa kwake; na mzazi amwombee mwanawe katika sijida, kwani dua ya mzazi haina pazia. Lakini aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake aliamrishwa amfunge kisha ategemee. Asiyefungua kitabu miezi sita kisha akanywa kombe asubuhi ya mtihani, huyo hakumfunga ngamia. Amemwachia jangwani akamwekea zafarani katika maji. Na Qurani ilishuka isomwe na ifuatwe, haikushuka iwe badali ya kusoma hesabu.

Wala msiwazuie mabinti. Shifa bint Abdillahi (R.A.) alikuwa mjuzi wa kuandika katika zama ambazo waandishi ni wachache, na alimfundisha Bibi Hafsa, mkewe Mtume (S.A.W.). Binti aliyesoma na kujihifadhi, akikaa katika ofisi ya hospitali au ya ardhi, wake wenzake watapata wa kumweleza shida zao bila ya haya.

Ama matokeo, hayo ni ya Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, na kuwa tulikazanie lenye manufaa, tumtake Mungu msaada, wala tusilegee, na likitufika jambo tusijiumize kwa "lau ningalifanya". Ukikosa kwa kuwa mwenzio amekushinda, mpongeze, urudi darasani. Ukikosa nawe una hoja kuwa ulidhulumiwa, usiishie barazani: Katiba, kifungu 47, yampa aliyeguswa na uamuzi wa ofisi ya serikali haki ya kuandikiwa sababu zake. Andika, uulize, kwa adabu na kwa ushahidi. Na ukipata, kumbuka yule mkusanyaji zaka aliyerudi kwa Mtume (S.A.W.) akitenga zawadi zake mwenyewe, akaulizwa kama angezawadiwa lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake.

Kwa hivyo twawaomba maimamu na wazee wa mitaa: kila msikiti utoe chumba, taa na saa mbili baada ya Isha kwa vijana wetu. Haitaki fedha nyingi. Bungoma wamefanya kwa mkeka mmoja na taa moja.

Ewe Mola wetu, watilie vijana wetu nguvu na uaminifu, uwape riziki ya halali iwatoshe na haramu, uwaondolee wanyonge wetu dhuluma ya madirishani, na utujaalie tuwe wenye kuzitekeleza amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.